Mwaka Aliofaulu Ok-sun

Daejeon, 18 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo, na nyingine mfikishie mkaza mjomba. Dagaa wamefika jana, boksi zima, na harufu yao iliwasalimia majirani kabla sijalifungua. Hapa hatujambo. Baba So-i bado yuko Ulsan kikazi, anarudi wikiendi. So-i ameanza darasa la kwanza. Mkoba wa shule umemzidi, ukimtazama kwa nyuma utadhani mkoba unatembea wenyewe. Nimesikia kile kifaa cha masikio umekifungia kabatini. Basi simu tuachane nayo, tuandikiane kama watu wa zamani.

Nina jambo. Muhula huu nimepewa wanafunzi arobaini na wawili wa mwaka wa kwanza, wa uuguzi na uhandisi, wanaosoma Utangulizi wa Falsafa kwa kuwa wamelazimishwa. Siku ya kwanza niliwapa kisa: bosi anamlazimisha kijana mgeni kazini anywe pombe ya soju kwenye chakula cha ofisi, glasi juu ya glasi, mpaka kijana anakimbizwa hospitali. Je, bosi amekosea?

Kuna mmoja anaitwa Maeng Do-yun, anakaa mbele kabisa. Akasema, "Kwake yeye hajakosea, mwalimu. Kwa kijana labda amekosea. Kila mtu na ukweli wake."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona kila mtu anaona kivyake."

Darasa zima likaitikia kwa kichwa, mjomba! Arobaini na wawili, na baadhi yao ndio wauguzi watakaonitunza mimi kesho! Muhula uliopita waliotangulia niliwaambia waziwazi kwamba majibu mengine ni mabovu, wakanipa alama tatu nukta nne kati ya tano kwenye tathmini. Profesa Ahn, mkuu wa idara, ameniita: nikishuka tena chini ya nne, Septemba sina mkataba. "Falsafa haina jibu sahihi, Mwalimu Seok," ananiambia. "Waache waongee, wafurahi, waende zao."

Siwezi. Kazi naitaka, tena naihitaji, lakini sitaliacha darasa lile kama nilivyolikuta. Wewe umefundisha maadili miaka thelathini na minne. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Hye-rin

*

Namhae, 29 Machi 2023

Mwanangu Hye-rin,

Marahaba. Vitunguu saumu vimefika magotini, magugu yamefika kiunoni. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua lakini mdomo mzima, namshukuru Mungu kwamba siusikii wote. Kile kifaa kinapiga mluzi kama birika, usiniulize tena. Mwambie So-i mkoba hukua polepole kuliko mtoto, asijali.

Hao watoto wako wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa sisi wenye upara tufanyeje?

Mimi usinitegemee sana. Nilifundisha maadili kwa kitabu cha serikali. Kila swali lilikuwa na jibu ukurasa wa nyuma, na aliyejibu vingine alionja fimbo. Sikuwahi kuulizwa swali ambalo nililala nikiliwaza. Lakini jambo moja nalijua. Hao wamesoma miaka kumi na miwili wakichagua jibu moja kati ya matano, na aliyekosea moja alilia mbele ya mama yake. Leo umewaambia hapa hakuna ukurasa wa nyuma. Wewe ulitegemea wafikiri. Wao wamesikia kengele ya mapumziko.

Mwalimu hasa katika ukoo huu angekuwa mama yako. Alikuwa anaweza kumweleza kuku hesabu.

Nimetuma mchicha wa mwisho wa msimu. Uchemshe kidogo tu, usiuue.

Mjomba wako,
Gi-tak

*

Daejeon, 28 Aprili 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mchicha tumeula siku tatu. So-i ameng'oka jino la mbele na amelitupa juu ya paa la kituo cha polisi, kwa sababu sisi wa ghorofani hatuna paa letu. Polisi wamemwelewa.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana bado nacheka. Wiki iliyopita nilirudisha mitihani ya katikati ya muhula. Unajua sheria ya siku hizi: A ni kwa watatu tu kati ya kumi, hata kama wote wameandika kama malaika. Halafu kuna wiki ya malalamiko. Basi foleni ilifika kwenye ngazi! Kila mmoja kashika karatasi yake na ya jirani yake. "Mwalimu, jibu langu ni bora kuliko la Min-sik, mbona yeye amepata A?" "Mwalimu, hii si haki." Na wa tatu kwenye foleni alikuwa Do-yun mwenyewe.

Jumanne nikasimama mbele ya darasa nikawaambia: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwezi mzima mmeniimbia kwamba hakuna jibu bora kuliko jingine. Juzi mmekuja ishirini na tisa kuniambia jibu lenu ni bora, na kwamba kuna kitu kinaitwa haki. Ipi kweli? Nikamgeukia Do-yun. "Maeng, ukweli wangu unasema C. Una neno?"

Wakacheka, yeye akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikatoka nikijiona simba.

Alhamisi nimeingia, hakuna aliyenyanyua mkono. Nikiuliza, wanatazama meza. Do-yun amehamia nyuma, karibu na mlango. Imebaki miezi miwili chini kidogo, mjomba, na nina darasa la mabubu.

Hye-rin

*

Namhae, 6 Mei 2023

Hye-rin,

Marahaba. Mvua imenyesha vizuri. Dagaa wa mwaka huu wadogo.

Umemshinda mtoto wa miaka kumi na tisa mbele ya wenzake. Hongera. Nami niliwashinda wengi hivyohivyo, miaka thelathini na minne, na sina hata mmoja anayekuja kunitazama Siku ya Walimu.

Hujamfundisha kwamba kuna haki. Umemfundisha kwamba mwenye kalamu nyekundu ndiye anayecheka mwisho, na hilo alikuwa analijua tangu chekechea. Nenda kamwombe radhi. Mbele ya hao hao, si pembeni ofisini. Ukimaliza, wape vijikaratasi visivyo na majina, uwaulize ni nini kinawatisha katika kumwambia mtu "umekosea". Mtu hang'ang'anii msemo namna hiyo kama haumsitiri kitu.

Mkaza mjomba anasema nimekuandikia kwa ukali. Mwenyewe naona nimejizuia.

Gi-tak

*

Daejeon, 22 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Ukali wako niliusoma nimesimama jikoni, nikauma meno, nikaenda. Nilimwomba Do-yun radhi mbele ya wote. Nikamwambia nilitaka kushinda, na kwamba C yake ni halali lakini kejeli yangu haikuwa halali. Alisema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ndogo, na Alhamisi akasogea safu mbili mbele.

Vijikaratasi vimenifunga mdomo. Mmoja ameandika: "Nyumbani baba ndiye sahihi, shuleni karatasi ya majibu ndiyo sahihi. Hapa ndipo nilipopumua. Usiniondolee." Mwingine: "Nikimwambia mtu amekosea nimemvunjia heshima, na nikivunjiwa mimi sitasahau." Wa tatu: "Kama kuna kukosea kwelikweli, basi nami itabidi nijiangalie." Mimi nilidhani ni uvivu. Kumbe ni adabu, na woga, na pumzi. Nilikaa na karatasi zile nikaona haya.

Kwa hiyo nikaamua kuwapa kisa ambacho hakuna wa kushinda. Niliwaeleza habari za mama bila kutaja jina. Msichana wa kisiwani, mwaka 1968, amefaulu mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana Jinju, wa pili katika wilaya nzima. Badala ya shule akapelekwa kiwanda cha mawigi Busan, mshahara wake ukamsomesha kaka yake. Je, alitendewa haki?

Mikono ikapanda, mjomba! Pyo Ga-on, wa uuguzi, ambaye hajawahi kufungua kinywa, akasema, "Huwezi kuwapima watu wa zamani kwa rula ya leo. Zama zile ilikuwa sawa."

Nikamuuliza, "Na yule msichana hakuwa mtu wa zama zile? Yeye nani alimuuliza?"

Kisha Do-yun, taratibu: "Lakini hatujui, mwalimu. Huenda naye aliona sawa. Huenda nyumba nzima waliona sawa. Sasa sisi ni nani?"

Sikumjibu, kwa sababu aliyebaki hai wa nyumba ile ni wewe peke yako. Sikuulizi ili nikulaumu. Bila wewe nisingekuwa hata na vitabu vya kwanza nilivyosoma. Lakini darasa limebaki na swali hilo, na mimi pia. Nyumba nzima mliona sawa?

Hye-rin

*

Namhae, 30 Mei 2023

Hye-rin,

Tumeanza kuvuna vitunguu saumu. Mgongo hauna hamu. Nitawatumia magunia mawili, moja mpe mama mkwe wako.

Kuhusu lile uliloniuliza. Mambo yalikuwa hivyo. Nyumba zote za kijiji zilifanya hivyo. Kila zama na kitabu chake.

Mkaza mjomba anawasalimu.

Gi-tak

*

Daejeon, 5 Juni 2023

Mjomba,

Shikamoo. Vitunguu tumevipokea, ahsante, mama mkwe amefurahi mno.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni jibu la Do-yun, neno kwa neno, ila yeye ana miaka kumi na tisa na hakuwepo.

Wewe ndiye uliyeniambia mtu hang'ang'anii msemo kama haumsitiri kitu. Sitakuvuta kwa nguvu. Kipindi changu cha mwisho ni Alhamisi tarehe kumi na tano. Usiponiandikia nitawaambia niliuliza na sikujibiwa, maana nayo ni kweli. Lakini "kila zama na kitabu chake" sitawapelekea. Siwezi kusimama mbele yao nikasema neno nisiloliamini kwa sababu limetoka kwa mtu ninayempenda.

Hye-rin

*

Namhae, 12 Juni 2023, kwa posta ya haraka

Hye-rin,

Sina habari za shamba.

Nyumba nzima hatukuona sawa. Hilo ndilo jibu, lililobaki ni maelezo yake.

Mwalimu wa mama yako, jina lake Jo, alikuja kwetu mara tatu mwezi Februari, kwa miguu, theluji imelala vilimani. Mara mbili za kwanza baba yangu alimpa chai ya shayiri na kumsindikiza. Mara ya tatu Mwalimu Jo alikuja na hesabu. Alisema: nyumba hii inaweza kumweka mtoto mmoja mjini kwa wakati mmoja. Vema. Huyu kijana jeshi lazima aende, asipokwenda leo atakwenda kesho. Basi aende sasa. Miaka mitatu yake ya jeshi ndiyo miaka mitatu ya sekondari ya dada yake. Akirudi, chuo cha ualimu kitakuwepo palepale, na binti atakuwa ameshamaliza.

Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya mgeni, alisema, "Ni kweli hiyo." Mwanamke wa kijijini, mwaka 1968, hajui kusoma jina lake. Usikubali mtu akwambie watu wa zama zile wote walifikiri kitu kimoja. Mwalimu alifikiri vingine. Mama alifikiri vingine. Hata baba alianza kulegea. Akanigeukia akasema, "Gi-tak, ni maisha yako. Ukikubali, basi."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwezi uliotangulia mpakani kulichafuka, vijana wakawa wanasemeshana kwamba vita vinarudi. Nilikuwa naogopa jeshi. Ningesema hivyo tu, "Baba, naogopa," pengine wangenicheka na kisha wangefikiri njia nyingine. Sikusema hivyo. Nilisema, "Kumsomesha msichana ni kupalilia shamba la wakwe."

Maneno hayo hayakuwa yangu. Niliyaokota kwa wazee kwa sababu nilijua baba atayapenda. Nilijua si kweli wakati ule ule yanatoka kinywani. Mama yako, Ok-sun, alikuwa amenizidi akili tangu ana miaka saba, nilikuwa nanakili hesabu zake. Baba akapumua, akasema mtoto ana busara. Mwalimu Jo akavaa viatu vyake akaondoka, na hakuniaga.

Sasa lile ambalo hata mkaza mjomba wako halijui. Nyumba zetu milango ilikuwa ya karatasi. Nilipotoka kibarazani nilikuta viatu vya mpira vya mama yako vimepangwa mbele ya chumba cha pili. Alikuwa humo ndani muda wote. Alisikia kila neno. Siku tatu baadaye akaenda Busan, na muda wote niliokuwa chuoni hakuacha hata mwezi mmoja kunitumia fedha. Hakunigusia jambo lile hadi amekufa. Nilikuwa nikimtazama kila sikukuu, nikijiuliza leo atasema. Nilipokuja kwenye msiba wake nilikaa nje na wavuta sigara, na mimi sivuti. Wewe ulidhani ni masikio.

Nikafundisha maadili miaka thelathini na minne.

Wanafunzi wako wakiuliza kama zama zile ilikuwa sawa, waambie mwenyewe yuko hai na amesema haikuwa sawa hata zama zile. Wasomee barua hii. Jina langu usilifute.

Nilikosea. Si kwa rula ya leo. Kwa rula iliyokuwepo siku ile chumbani.

Gi-tak

*

Daejeon, 3 Julai 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, na si kazi iliyonichelewesha. So-i hajambo, jino jipya limeanza kuchungulia.

Nianze na lililo jepesi. Tathmini imetoka: tatu nukta nane. Profesa Ahn akanyoosha kidole kwenye karatasi, "Chini ya nne, Mwalimu Seok." Nikamwambia, "Najua kusoma, Profesa. Sasa soma na maoni waliyoandika." Akasoma. Wanne wameandika kwamba darasa langu liliwaumiza kichwa na wanaomba kozi ya pili. Mmoja ameandika nifukuzwe. Profesa alijikuna shavu, akanipa muhula mmoja wa kutazamwa. Ninauchukua, na nitafundisha hivyohivyo, na nikishuka tena nitakuwa nimeshuka nikifundisha.

Barua yako ilifika saa mbili asubuhi ya kipindi cha mwisho. Niliisoma ngazini. Nilitaka nirudi nyumbani nikalie, lakini ulikuwa umesema isomwe. Nikaingia nikaisoma yote, na jina. Nilipofika kwenye viatu vya mpira, Ga-on akanyanyuka akaniletea maji.

Wa kwanza kusema alikuwa Do-yun. "Kwa hiyo kulikuwa na jibu chumbani mle," akasema, "na yeye alilijua." Nikamwambia naam. Akasema, "Basi mimi nilikuwa namtetea mtu ambaye mwenyewe hajitetei." Hakucheka mtu. Kisha akaongeza, kwa ubishi wake uleule, kwamba bado kuna mambo mengine ambayo haoni nani wa kuyaamua, na nisidhani nimemmaliza. Nikamwambia nisingependa kummaliza.

Lakini Ga-on alikuwa anafuta macho kwa hasira. Akauliza, "Mwalimu, sasa tukisema alikosea, si tutakuwa tumemdharau mzee wa watu? Ameandika haya yote kwa mkono wake. Mimi siwezi kumhukumu, naona ni ukatili."

Hapo ndipo nilipowaambia kitu ambacho wewe sijakwambia, mjomba, na nimekuwa nakificha tangu Machi. Mama alinisimulia. Wodini, wiki mbili kabla hajafa, nikimchana nywele. Mwalimu Jo, jeshi, shamba la wakwe, yote, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Akanikataza nisikuulize, nami nimelivunja neno lake, na nitamjibu huko mbele. Nilikuuliza kwanza kwa ajili ya darasa. Lakini ile barua yako ya kitabu cha zama iliponijia, nilishupaa kwa ajili ya mama.

Siku ile wodini nilikasirika, nikamuuliza, "Mama, kwa nini unamkingia? Au nawe utasema zama zile mambo yalikuwa hivyo, yaishe?"

Akasema, "Nani anamkingia? Kaka yangu alikosea. Alikosea sana."

Nikamwambia, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unamchukia, na kila sikukuu unampakulia chakula wa kwanza."

Akanigeukia mpaka kitana kikaanguka, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Mimi nimesema namchukia? Nimesema alikosea."

Mpwa wako,
Hye-rin